Siku Tatu kwa Miguu Kumtafuta Mama Aliyeshinda

Mwaka wa 2022, nikiwa na miaka sitini na sita, sala ilinikauka mdomoni. Naandika haya kwa sababu mmeniuliza mmoja mmoja, kanisani, sokoni, hata kwa kinyozi, "Mzee Kazungu, ulikwenda wapi na lile goti lako bovu?" na nimechoka kusimulia jambo lile lile huku kila mtu akinikatiza penye utamu. Basi someni. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkiona kosa la herufi, nyamazeni.

Kwanza mjue hali ilivyokuwa. Hakuna aliyekufa nyumbani kwangu. Sikuugua, sikufilisika, sikugombana na mtu zaidi ya kawaida yangu. Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja nilipiga magoti kama nilivyopiga kila siku tangu nibatizwe, nikasema Baba Yetu, ikawa kama kupiga simu halafu yule dada anakwambia mteja hapatikani. Nikadhani ni uchovu. Kesho yake vile vile. Ikawa wiki, ikawa mwezi, ikawa mwaka. Nilifunga, nikabaki na njaa tu. Nilikesha, nikabaki na usingizi tu. Niliombewa na watu wenye sauti kubwa, wasiojua nina nini, nikarudi nyumbani masikio yanauma.

Kazi yangu kanisani wengi mnaijua. Mimi ni mzee wa kanisa, na kwa miaka kumi na tisa ndiye ninayeongoza sala ya alfajiri hapa Likoni, saa kumi na moja na nusu, Jumatatu mpaka Jumamosi. Wanaokuja ni watatu. Siku ya mvua tunabaki mimi na viti. Kwa mwaka mmoja na nusu nilisimama mbele ya watu wale nikitamka maneno matamu na ndani sina kitu. Mimi ni fundi mwashi. Ukuta uliopigwa plasta nzuri nje huku ndani mawe hayajashikana naujua, na aliyeujenga huwa namwita mwizi mbele ya watu. Sasa mwizi nikawa mimi.

Nikaenda kwa mchungaji wetu, kijana mpole, nikamwambia wazi, "Jumapili nitasimama niwaambie watu nimeachia. Tafuta mwingine."

Akasema nipumzike kwanza, nifikiri. Nikamwambia nimeshafikiri.

Na mimi najijua. Kitu nikikiweka chini sikiokoti tena. Nikiachia sala ya alfajiri nitaachia na Jumapili, na nikiachia Jumapili nitazikwa na watu wasiojua waimbe nini. Hilo ndilo lililonitia hofu, ingawa sikumwambia mtu.

Jumanne nikapata ujumbe wa sauti kutoka kwa Mutua, rafiki yangu wa Changamwe, ambaye tulibeba zege pamoja tukiwa vijana. Yeye peke yake nilikuwa nimemdokezea. Alikuwa akipiga kelele kwa furaha: "Kazungu! Nimepata dawa yako! Kuko na mama mmoja huko Kiembeni. Alikauka miaka kumi na mmoja, lakini alishinda kanisani!"

Alishinda. Niliusikiliza ujumbe ule mara nne. Kumbe yuko mtu aliyepigana na kitu hiki akakiangusha, tena hapa hapa Mombasa. Nikaamua niende nimuulize alianzia upande gani. Nikaweka nadhiri niende kwa miguu, nimuone kabla ya Jumapili. Msiniulize kwa nini miguu. Nilitaka Mungu aone kuwa sibembelezi. Mke wangu Sidi alisema maneno mawili tu: "Chukua mwavuli." Sikuchukua.

Kutoka nyumbani mpaka ng'ambo

Jumatano asubuhi nilivaa viatu vyangu vyeusi vya ngozi, vile vya harusi na mazishi, nikashuka kuelekea feri. Nilitarajia kuwa ng'ambo mapema kabla ya jua kali. Lakini karibu na kivukoni nikakutana na Bakari, jirani yangu. Bakari ni mkulima, na ukoo wao umelima Likoni tangu kabla ya mtu yeyote kufikiria kuleta feri. Alikuwa ameteremsha mihogo yake kwa wachuuzi, amekaa kwenye benchi la mama chai na sahani ya mbaazi mbele yake.

"Wendapi, yakhe, na viatu vya harusi?"

"Kiembeni."

"Magari ya Kiembeni yako kule."

"Naenda kwa miguu. Nina nadhiri."

Bakari hakucheka. Kwa nadhiri hana mzaha. Alinisogezea benchi, akaagiza mahamri manne na chai ya tangawizi, akaniambia mwenye nadhiri haanzi njia na tumbo tupu. Nikakaa. Feri ya kwanza ikaondoka nikiitazama. Mbaazi za mama yule zilikuwa na nazi nzito, na mimi siondoki penye mbaazi kama zile. Feri ya pili nayo ikaenda.

Nikamweleza yote. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu yeye si wa kanisa langu, hana wa kumpelekea. Alisikiliza huku akichovya hamri.

"Kazungu," akasema, "mimi naswali mara tano kwa siku tangu nina miaka saba. Nani alokwambia kila mara nina hamu? Alfajiri nyengine natia udhu na moyo uko shambani wafukuza ngedere."

"Basi waswali kwa nini?"

"Kwa sababu wakati umeingia."

"Ndiyo hiyo tu?"

"Kwani wakati ukiingia wataka barua?"

Nikakasirika kidogo. "Hiyo ni kwenu. Kwetu sisi Mungu anataka moyo."

"Na kwetu ataka nini, masikio?" Akafuta vidole, akasimama. "Nenda kamuone mamako huyo. Lakini wallahi, ukirudi na dawa ya hamu, nigawie na mimi. Nitainunua kwa pishi."

Niliondoka na feri ya tatu. Nilimuona kutoka majini amesimama palepale, ananipungia kikapu kitupu. Nimekaa jirani na mtu yule miaka ishirini na sita nikimsikia akitoka kila alfajiri, mlango wake unalia kabla ya wangu, na sikuwahi kufikiri kwamba huenda na yeye hakutaka kutoka.

Makupa mpaka Changamwe

Mjini nilipita haraka. Jua lilinipata Makupa, pale barabara inapopita juu ya maji, na hakuna kivuli hata cha kuficha kichwa cha kuku. Jamaa mmoja wa bodaboda, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, alipunguza mwendo akawa anatambaa kando yangu.

"Mzee, panda nikupeleke."

"Natembea."

"Bure, mzee. Sikutozi."

"Nimesema natembea."

Akatambaa hatua kama mia nyingine. "Umekosana na watoto nyumbani?"

"Sijakosana na mtu!"

"Basi umekosana na nani?" Akanitazama vizuri usoni, nikaona ameniogopea kweli, amedhani naenda kujitupa majini. Ilibidi nisimame nimtajie jina la Mutua, mtaa wake na kabila lake ndipo akaniacha. Hata hivyo aligeuka kunitazama mara tatu. Mungu ambariki mtu yule. Siku ile nilimtukana kimoyomoyo.

Changamwe ndiko nilikoanzia. Nilitoka Rabai na miaka kumi na nne, kaptura moja, sijui mtu. Nililala kwenye bohari ya saruji na nikabeba mawe mpaka nikajifunza kuyapanga. Nyumba nyingi za mtaa ule nikipita nazijua kwa mgongo wangu. Hakuna aliyenishika mkono. Kila nilicho nacho nilikijenga, na nadhani ndiyo maana ukavu ule uliniumiza sana. Ulikuwa kitu cha kwanza ambacho sikuweza kukijenga kwa jasho.

Mutua alinipokea kwa kelele. Mkewe alikuwa amepika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na mboga za kunde kando. Nilikula sahani mbili goti likiwa juu ya kigoda kama mgeni wa pili.

"Wewe huwanga mgumu," Mutua akaniambia. "Mungu hahesabu hatua, Kazungu. Mwenye anahesabu ni hilo goti."

"Niambie tena habari za huyo mama. Alishinda?"

"Alishinda kabisa. Dada yangu anaabudu naye huko Kiembeni, ndiye aliniambia. Mama Kadzo anaitwa. Hata saa hii anashinda tu."

"Hata sasa anashinda!"

"Kila siku! Hakosi."

Nilishusha kijiko. Kila siku! Huyu si mtu wa kawaida. Lakini Mutua na Kiswahili chake tumetoka mbali, aliwahi kuniagiza kamba nikamletea kamba wa kuliwa. "Mutua, nisije nikatembea bure. Umesikia sawasawa?"

"Aii, Kazungu! Kushinda ni kushinda. Kwani si lugha yenu?"

"Ni lugha yetu. Ndiyo maana nauliza."

"Basi mimi nimekuambia kwa lugha yenu, na bado unauliza."

Mkewe alicheka mpaka akatoka nje na sufuria. Nilikuwa mwenyeji wa lugha, nikajiona mshindi wa mabishano, nikaenda kulala.

Changamwe mpaka Mishomoroni

Alhamisi viatu vya harusi vilinisaliti. Nilikuwa nimerudi mjini, nimevuka daraja la Nyali na kufika Kongowea, soko limejaa, nikasikia kitu kinapiga makofi nyuma yangu. Kilikuwa kisigino changu. Soli imeachia, inafunguka na kufunga kama mdomo. Mama mmoja muuza viazi karai alinitazama nikipita, akasema kwa sauti ya soko zima, "Jamani, kiatu cha mzee kina njaa!" Watu wakacheka. Akanikalisha kwenye ndoo aliyoigeuza, akanipa viazi vya moto na chatini ya ukwaju, akamtuma mwenzake akaniletee malapa ya saizi yangu. Viatu nilimwachia. Akasema atafugia kuku humo.

Nilitaka kulala Kiembeni siku ile ile, lakini Mishomoroni mvua ilinikamata. Si mvua ya kujadiliana nayo. Nilikimbia, kama ile inaitwa kukimbia, mpaka kwenye kibaraza cha nyumba moja ya mawe yenye ukuta mrefu wa ua. Nikapiga hodi kwa adabu ili wasidhani mwizi amekuja kukauka.

Akatoka mama mmoja wa makamo yangu, amejitanda leso. "Karibu. Umeshindaje?"

"Nimeshinda salama, mama. Naomba kibaraza mpaka mvua ikatike."

Akaniangalia, akaangalia ukuta wake, akaniangalia tena. "Si fundi Kazungu wewe?"

Nikageuka nikauona ukuta. Niliujenga mimi, mwaka sikumbuki. Hauna ufa. Nikautazama kwa pima maji ya jicho kutoka kona hadi kona, uko wima. Nikamwambia, "Nimeujenga vizuri," naye akasema, "Hata hukungoja nikusifu!" Jina lake Bi Mwanaisha, mjane wa mwalimu wa dini. Kwao ni hapo tangu enzi za babu zao. Hakukubali niondoke. Nilipewa chumba cha uani, wali wa nazi, samaki wa kupaka, na shuka kavu.

Magharibi ilipoingia akaniita kutoka upande wa pili wa mlango. "Fundi, najua na wewe una sala zako. Hapo ulipo kibla ni upande wa dirisha. Nyinyi mwaelekea wapi?"

"Sisi popote, mama."

"Popote?"

"Popote."

"Wallahi ndo maana mwapotea," akasema, na nikamsikia akicheka peke yake mpaka alipoanza kuswali. Nikapiga magoti kuelekea dirishani, kwa heshima ya mwenye nyumba. Mteja hapatikani. Lakini nilibaki magotini mpaka nilipomsikia amemaliza, kwa sababu niliona haya kumaliza kabla yake.

Kiembeni

Ijumaa niliingia Kiembeni kupitia Mtopanga nikiwa na malapa ya kijani na goti limevimba kama boga. Kanisa lenyewe ni dogo, mabati juu, matofali chini, limebanwa kati ya majumba ya kupanga. Kwenye benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, palikuwa na mama mzee mwembamba, ungo mapajani, anachagua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ingia. Mchungaji hayuko."

"Sikuja kwa mchungaji. Namtafuta Mama Kadzo."

"Amefanya nini?"

Nikajua ndiye. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Likoni. Nikasimama wima kama kwenye mkutano, nikasema, "Mama, mimi ni mzee wa kanisa. Nimekauka mwaka mmoja na nusu. Nimetembea siku tatu, nimekuja unifundishe ulivyoshinda."

"Nilivyoshinda wapi?"

"Hapa. Kanisani. Ulivyoushinda ukavu."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Akauweka ungo chini kwanza, ndipo akacheka, kicheko cha kukohoa, akipiga benchi kwa kiganja.

"Baba wee! Nani amekwambia nimeushinda? Mimi nashinda hapa. Nakuja asubuhi wajukuu wakienda shule, nashinda, jioni naenda zangu. Ndiyo kushinda kwangu. Ukiambiwa mtu ameshinda na njaa, utamfuata umuulize ameipigaje?"

Jana yake tu nimeulizwa umeshindaje, nikajibu nimeshinda salama, na sikumwambia Bi Mwanaisha nimempiga nani! Mimi, mtu wa Pwani, ninayemcheka Mutua kila mwaka, nimetembea siku tatu kwa neno nililolinyonya na maziwa ya mama. Mutua alikuwa sawa. Alisema alishinda kanisani, na alishinda kanisani.

"Kwa hiyo ukavu haujaisha?"

"Huu ni mwaka wa kumi na mmoja."

Nikageuka nikatoka. Sikuaga. Nilifika langoni na goti likakataa. Si kwamba niliguswa na kitu, nisije nikasema uongo. Goti lilikataa tu, nikashika nguzo ya lango nikiwa na hasira za kuwatosha watu sita.

Sauti yake ikanifuata polepole. "Rudi ukae, baba. Shinda leo. Jioni utaondoka na hasira yako, haitaoza."

Nikarudi nikakaa. Benchi la nyuma, upande wa pili wa ungo.

Kutwa moja kwenye benchi

Hapa ndipo mnaponikatizaga. Mnataka niseme ulishuka moto. Haukushuka.

Alichagua mchele. Saa tatu aliuweka kando, akasimama, akaanza kusali kwa sauti ya kawaida kabisa. Baba Yetu, kisha majina. Majina mengi. Hakuna machozi, hakuna kutetemeka. Aliyataja kama msimamizi anavyoita vibarua asubuhi kwenye mjengo, mmoja mmoja, akingoja kidogo baada ya kila jina kana kwamba mwenyewe ataitika. Akakaa. Akachukua ungo. Saa sita tena, majina yale yale. Nilisikiliza kama fundi anavyosikiliza fundi mwenziwe akigonga jiwe. Hakuruka hata moja.

Kati ya saa hizo tulizungumza. Nikamuuliza kwa nini hakai nyumbani, mchele si unachaguliwa popote.

"Nilijaribu," akasema. "Ukavu uliponipata nilikaa nyumbani mwezi mzima. Nikaona naanza kuzoea. Ikaniogopesha zaidi ya ukavu wenyewe. Nikasema, kama Yeye hasemi, mimi nitakuwepo. Asije akasema siku ambayo mimi niko sokoni."

"Na amesema?"

"Mara mbili."

"Miaka kumi na mmoja, mara mbili?"

"Mara moja nilikuwa nafagia pale karibu na madhabahu. Ikadumu muda wa kunywa chai. Mara ya pili nilikuwa nimesinzia, sina hakika." Akapuliza makapi. "Ya kwanza nina hakika."

Mchana alitoa bakuli kutoka kwenye kikapu chake, sima na mchunga, mboga chungu ya kwetu iliyotiwa nazi. Akanikatia nusu. Tulikuwa bado tunakula, akaingia mwanamke mbio, amefunga kanga, mikono bado ina povu la sabuni. Hufua nguo kwenye nyumba za mtaa ule. Hakuangalia mbele kulikokuwa na madhabahu. Alikuja moja kwa moja kwenye benchi letu.

"Mama, wamemlaza. Wamesema wampasue jioni."

Ni mtoto wake wa kiume, mdogo, tumbo. Mama Kadzo hakusema usiogope. Alinawa mkono, akamshika yule mwanamke mkono wenye povu, akasema jina la mtoto mbele za Mungu kwa sauti ile ile kavu ya saa tatu na saa sita, mara tatu. Basi. Yule mwanamke akalia hapo begani kwake, akajifuta, akasema, "Nilikuja nikijua upo." Akaenda hospitali akitembea, si mbio tena.

Nikangoja mpaka ametoka langoni.

"Mama, ulisikia kitu uliposali?"

"Sikusikia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, baba. Mchele ungenipa zaidi."

"Na yeye?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mwanafunzi mzito. "Yeye si umemuona?"

Nimejenga nyumba arobaini na zaidi katika maisha yangu. Nimewaona mafundi wakubwa, wenye vyeti vya ukutani. Sijawahi kuona kazi kama ile. Mtu anakuja kazini miaka kumi na mmoja, mwenye kazi hatokei, hasifiwi, hasikii utamu wowote, na kila asubuhi anaanzia pale alipoishia jana. Na mimi mwaka mmoja na nusu nilikuwa nimeshajiita mwizi na kutafuta mlango. Nilimwambia hivyo, kuhusu ukuta wa plasta nzuri na mawe yasiyoshikana.

Akauliza, "Ukuta wako umeanguka?"

"Bado."

"Watu watatu wa alfajiri bado wanakuja?"

"Wanakuja."

"Basi kuna kitu kimeshika. Huenda si wewe."

Saa tisa aliposimama, nikasimama naye. Goti likilia. Alipomaliza majina yake akaninyamazia, nikaelewa ni zamu yangu. Nikataja wale watatu wangu wa Likoni. Nikamtaja Sidi, Mutua na mkewe, Bi Mwanaisha, jamaa wa bodaboda ambaye simjui jina nikasema yule wa ndevu. Nikamtaja Bakari. Sikuhisi chochote, naapa. Lakini nilimaliza orodha.

Likoni tena

Jumamosi nilipanda tuktuk mpaka kivukoni. Nadhiri ilikuwa ya kwenda, ya kurudi sikuitaja. Sidi alitazama malapa ya kijani, hakuuliza, akaweka maji ya chumvi kwenye beseni kwa ajili ya goti.

Jumapili mchungaji aliponipa nafasi, nilisimama. Nilimuona ameinamisha kichwa, anangoja niseme nimeachia. Nikasema, "Mimi ni mkavu. Nasali na sisikii kitu, mwaka mmoja na nusu sasa. Nilikuwa niwaage leo. Sitawaaga. Kesho saa kumi na moja na nusu nitakuwa hapa, mkavu hivyo hivyo. Anayetaka sala tamu atafute kwingine."

Nikakaa. Baada ya ibada fundi cherehani wetu, mtu asiyeongea, alinivuta kando ya mlango akaninong'oneza, "Kumbe inaitwa ukavu? Mimi nilidhani niliokoka vibaya."

Huyo sasa ni wa nne wa alfajiri. Mtoto wa yule mwanamke mfua nguo wa Kiembeni alipona. Dada yake Mutua ndiye alinipigia kunieleza, na akanieleza pia kwamba Mama Kadzo ameniongeza kwenye majina, ananitaja baada ya mtu anayeitwa Karisa. Mutua mwenyewe nilimpigia nikamwambia Kiswahili chake ni kizuri. Aliniuliza kama nina homa.

Basi mmeyapata yote. Mtu akitaka kujua nimefaidika nini, leo hii nina vitu hivi: nyumba ya mawe ya vyumba vinne hapa Likoni, niliyoijenga mwenyewe. Kiwanja kimoja Rabai, hakijajengwa. Minazi kumi na mmoja. Mbuzi watatu, mmoja ana mimba. Mwiko, timazi, na pima maji mbili, moja mbovu. Biblia ya herufi kubwa. Malapa ya kijani. Goti moja zima. Majina ishirini na saba, ambayo nayataja kila alfajiri bila kuruka. Hamu sina.

Jana nilishinda.